Siku Ambayo Jante Haikulia

Jumatatu, 2 Septemba

Nimebadilisha mafuta ya jenereta. Kama kawaida, jante kwanza. Mapigo matatu ya nyundo kwenye ile jante, chuma cha gurudumu la lori kilichoning'inia uzioni, halafu nazima. Watu wa Pinga wakisikia jante wanajua ni mkono wangu, wanaendelea kumenya mihogo. Jenereta ikinyamaza bila jante, watu hukamata magodoro na kukimbia. Mwaka ule wa mapigano mlinzi wa kwanza alikimbia, mazutu, dizeli ya jenereta, ikaisha, antena ya simu ikafa, na asubuhi yake watu wote walikuwa porini. Hakuna aliyesahau.

Papa Kasereka amefika na bidoni nne za mazutu kwenye pikipiki. Matope mpaka kwenye kofia. Amelalamikia barabara, amelalamikia tairi, amelalamikia hata ndizi niliyompa. Siku akifika bila kulalamika nitajua anaumwa.

Jenereta imetembea saa ishirini na tatu tangu jana. Nimeandika kwenye daftari la kampuni. Vidole vyangu vinanuka mazutu hata nikila fufu.

Jumatano, 4 Septemba

Simu kutoka Goma. Injinia Solange, mkubwa wetu wa matengenezo. Kampuni inaleta paneli za jua na betri mpya. Antena za huku zitaachana na mazutu, moja baada ya nyingine, na yangu ni ya kwanza. Sauti yake ilikuwa na furaha. Nikasema asante. Nilipokata simu nikakaa juu ya bidoni tupu.

Mimi ni mlinzi wa jenereta. Jenereta ikilala, mlinzi ni wa nini?

Miaka tisa. Walinichukua mimi mwanamke kwa sababu wanaume watatu walionitangulia waliuza mazutu ya kampuni sokoni. Kazi hii ndiyo iliyotutoa kwenye hema, mimi na mama, tulipokimbia kutoka Burungu. Inamlisha mama. Inamsomesha binti yangu Riziki uuguzi kule Goma. Naogopa. Basi.

Ijumaa, 6 Septemba

Sijamwambia mtu. Mama ameuliza kwa nini sombe ina chumvi mara mbili. Nimesema mkono umeteleza.

Jumanne, 10 Septemba

Paneli zimefika mabegani mwa watu. Lori lilikwama mbali, wanaume wakazibeba wawili wawili, kama wanavyobeba mgonjwa kwenye kipoyi. Betri zimekuja kwa pikipiki, moja moja, zimefungwa blanketi.

Injinia amekuja mwenyewe, na mafundi wawili. Mwanamke mfupi, anatembea haraka. Kabla hata ya kunywa chai alifungua daftari langu. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa.

Alinieleza. Kampuni ni kubwa, iko katika nchi nyingi, na imetoa ahadi mbele ya watu kwamba itapunguza moshi wake, huu unaoipasha dunia joto. Nilidhani moshi wa kampuni unatoka huko kwenye maghorofa yao. Kumbe sehemu kubwa inatoka kwenye jenereta kama yangu, juu ya vilima kama hivi visivyo na umeme. Kwa hiyo wanahesabu kila lita. Wanahesabu hata mazutu inayochomwa ili mazutu ifike: lori, pikipiki ya Papa Kasereka. Wanaandika walianzia wapi, halafu kila mwaka wanalinganisha, na watu wa nje wanakuja kukagua kama hawajidanganyi.

Pale pa kuanzia ndipo linapoingia daftari langu. Anasema kwenye antena nyingine walinzi waliandika saa zile zile kila siku, mwezi mzima, kwa kalamu moja na mkao mmoja. Hizo hazimsaidii kitu. Langu lina madoa, lina makosa yaliyokatwa, lina siku niliyougua malaria nikaandika "sijui".

Nilijivuna. Kama dakika mbili. Halafu nikaona kwamba hesabu zangu mwenyewe ndizo zinazonifukuza kazi, na nikalichukia lile daftari.

Sikuuliza kuhusu kazi yangu. Nilishindwa. Yeye pia hakusema.

Alhamisi, 12 Septemba

Mafundi wanafunga paneli. Niliomba mvua. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kusoma: nilimwomba Mungu aweke wingu juu ya Pinga wiki nzima, betri zisijae, waone jua halifai, warudi nazo Goma. Mvua ikaja mchana, kubwa. Betri zikajaa polepole, lakini zikajaa. Fundi mmoja anasema hata chini ya wingu paneli zinaokota mwanga. Haya.

Injinia ameniomba niwatangazie watu kwamba Jumamosi tunazima jenereta na tunaingia kwenye jua. Nimeitikia. Sijamwambia hata jirani. Kutangaza hilo ni kutangaza mwisho wangu, na mdomo umekataa.

Jumamosi, 14 Septemba

Nina aibu. Nitaandika yote.

Soko lilikuwa limejaa. Saa nne asubuhi Injinia akasema, haya, tuzime. Jante ilikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Sikuigusa. Nilikunja mikono. Moyoni nilisema: wajizimie wenyewe. Fundi akazungusha ufunguo.

Kimya. Taa ya antena iliendelea kuwaka, simu ziliendelea kuita, Injinia akapiga makofi. Halafu nikasikia kwamba soko nalo limenyamaza. Kisha masufuria yakigongana. Nikatoka nje ya uzio. Watu walikuwa wanaondoka na magodoro kichwani, mbuzi wakivutwa, watoto mgongoni. Wengine njia ya mto, wengine njia ya msitu. Mama Sifa wa samaki aliacha sinia zima mezani. Hakuna aliyepiga kelele. Watu wa huku wanajua kukimbia bila kelele.

Ndipo nikakimbilia jante. Nikapiga tatu. Nikapiga tena tatu. Nikaipiga mpaka nyundo ikanitoka mkononi. Waliokuwa karibu walisimama, wakageuka, wakaendelea na njia yao. Wana haki. Jante inatangulia, kimya kinafuata. Ikilia baada ya kimya, nani anajua ni mkono wa nani?

Nyumbani mlango wazi. Sombe jikoni, inaungua. Fimbo ya mama haipo. Mama huyu wa magoti mabovu, ambaye hata kanisani anafika kwa kushikiliwa. Nimemwita kwenye njia zote mbili mpaka sauti ikakauka. Nimerudi sasa hivi. Baadhi ya watu wamerudi pia, wananipita bila salamu. Yeye bado.

Kazi ichukueni. Nataka mama.

Jumapili, 15 Septemba

Yuko hai. Yuko hapa, kitandani, anakoroma. Asante Mungu. Asante, asante.

Papa Kasereka alimkuta jana katikati ya matope, akampakia nyuma ya pikipiki kati ya bidoni tupu, akampeleka kwa masista wa parokia, vijiji viwili mbele. Leo asubuhi na mapema amemrudisha. Nimemshika mikono yote miwili, huyu mtu wa malalamiko, nikakataa kuiachia mpaka akaona haya.

Mama hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi, akavua viatu vyenye matope, akasema (groupe kwake ndiyo jenereta):

"Groupe ilinyamaza, na jante haikulia. Njo nikakamata fimbo na kuenda. Ni weye njo ulitufundisha vile, mutoto yangu."

Nimelia mbele yake. Sijalia hivyo tangu Burungu.

Watu wamerudi wote. Hakuna aliyepotea, hakuna aliyeumia. Mbuzi mmoja alikula maharage ya jirani, hiyo ndiyo hasara ya siku. Mama Sifa amekuta samaki wake wote, maana Injinia aliwapa mafundi kazi ya kufukuza mbwa mpaka jioni. Nilipoambiwa hilo nilicheka peke yangu njiani.

Misa ilipokwisha nikasimama. Nikawaambia ni mimi. Niliombwa niwatangazie, sikutangaza, na jante niliiacha makusudi kwa hasira zangu. Nikawaeleza kwamba sasa antena inakula jua, na jenereta italala siku nyingi. Wengine walinung'unika, na walikuwa na sababu. Mzee mmoja wa kwaya akasema magoti ya mama yangu ni mabovu siku za misa tu. Kanisa likacheka. Mimi nilitamani kumkumbatia.

Mama Sifa hakucheka. Alisema kitu ambacho sote hatukuwa tumekifikiria:

"Zamani makelele ilikuwa amani. Sasa kama iko kimya kila siku, tutajua namna gani?"

Nimeliandika hapa nisilisahau.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimemwambia Injinia ukweli wote. Jante, tangazo, hasira. Hata ile mvua niliyoiomba. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe, chai ikapoa. Kisha akauliza:

"Mama Riziki, ni nani alikuambia kazi yako iliisha?"

Hakuna. Nilijiambia mwenyewe. Yeye alidhani nimeelewa. Mimi nilidhani ananificha. Paneli zinataka kuoshwa vumbi, majani na mavi ya ndege, la sivyo zinakula jua nusu tumbo. Betri zinapendwa na wezi kuliko mazutu. Jenereta inabaki kama akiba ya siku mbaya, na kila saa itakayotembea lazima iandikwe na mtu asiyebuni, kwa sababu wakaguzi watakuja mwaka huu na mwaka ujao na mwingine. Mtu huyo ni mimi. Alisema alilipigania jina langu Goma kabla hata paneli hazijapakiwa.

Nilikaa juu ya bidoni ileile niliyoikalia siku ya simu.

Kisha akanipa barua ya onyo. Ina jina langu na inaeleza siku ya Jumamosi bila kunisitiri. Nimeisaini bila ubishi. Ninaistahili, na nimelala mchana wa leo usingizi ambao sijalala tangu mwezi uanze.

Kuhusu swali la Mama Sifa nimepata wazo. Nimempelekea mezani pake. Amelipima kama anavyopima samaki, akakubali.

Alhamisi, 19 Septemba

Injinia na mafundi wameondoka, wanaelekea antena inayofuata. Nimewaambia: hukohuko waulizeni watu kwanza wanasikia nini mkizima. Injinia ameandika.

Papa Kasereka amepita. Sasa atabeba maharage badala ya mazutu yangu. Analalamika kwamba maharage hayatoi harufu, hajui kama yamemwagika. Halafu akasema mgongo wake unalala vizuri. Nimempa ndizi. Ameila yote.

Jumatano, 25 Septemba

Nimeosha paneli kwa maji ya mvua. Betri zimejaa kabla ya saa sita. Daftari: jenereta, saa sifuri. Vidole vyangu vinanuka sabuni.

Saa kumi na mbili jioni nimepiga jante, mapigo matatu, kama kila jioni tangu ile Jumatatu. Sizimi kitu. Ni ya kuwaambia watu kwamba nimekuwepo mchana kutwa na hakuna kibaya. Sokoni Mama Sifa alijibu kwa kugonga sinia lake, kisha akaendelea kufunga meza.

Nimekaa na mama kwenye benchi. Akauliza ni nini kinavuma kule chini. Nikasikiliza. Ni mto. Ule ule tunaochotea maji. Miaka tisa tunaishi juu yake na hatujawahi kuusikia kutoka nyumbani. Tumeusikiliza mpaka sombe ikapoa.