Injini ya Kabula

Mdogo wangu Masanja,

Marahaba. Naitika mapema kwa sababu nakujua, shikamoo yako ingefika mwakani. Hapo Ushetu hamjambo? Magoti ya baba yanaendeleaje, na mama anakunywa zile dawa au kazificha tena kabatini? Sisi huku Uingereza tu wazima. Shemeji yako ana mafua na analalamika kama mtu aliyevunjika mguu. Baridi ipo, na kazi ya kutunza wazee ipo. Barua hii naipiga picha nikutumie kwa simu, maana ya posta haitawahi. Isome yote, usiruke.

Nimepata ujumbe wako kwamba umepatana na wachimbaji wa Geita waje Jumamosi kuchomoa injini ya trekta, ikazungushe karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Kabla sijajibu, nisikilize.

Kati ya wazee ninaowaogesha yupo mmoja, Mzee Ken. Alifanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha matrekta kilichokuwa mji huu huu. Nilipomwambia kwetu lipo moja la kwao, akaweka kijiko chini. Anasema walianza na dogo la kijivu, unaliwasha kwa petroli, likishapata moto unahamia mafuta ya taa. Yakafuata mekundu ya dizeli, kisha mekundu mengine marefu, yenye nguvu zaidi. Mwisho yakaja yenye kibanda cha vioo, dereva halowi mvua. Hayo Mzee Ken anayadharau. Halafu kiwanda kikafungwa, kuta zikabomolewa. Nilikwenda kupaona siku yangu ya mapumziko. Ni nyumba za watu na mapazia yao, hata doa la oili hakuna.

Nikamwonyesha picha ya trekta letu. Unajua majigambo ya baba: "Hili ni orijino, halijaguswa!" Mzee akavaa miwani, akacheka mpaka akakohoa. Boneti ni ya yale mekundu ya kwanza, injini ni ya yale marefu, na nyuma kote ni la kijivu lililopakwa rangi. "Hili si trekta," akasema, "ni ukoo mzima." Nilikasirika. Ng'ombe wangu wa mahari wote, kumbe baba kauziwa mbuzi kwenye gunia!

Kisha akaacha kucheka, akauliza kama linalima. Nikamwambia msimu uliopita limelima mahindi yetu, tumbaku yetu, na shamba la mama mjane jirani. Akasema kiwandani wasingethubutu kuviunganisha vitu hivyo vitatu, boliti zake hazilingani, na fundi aliyeweza anawashinda wao. Akaomba abaki na picha. Sasa ipo ukutani kwake, karibu na wajukuu.

Tuje kwako. Najua hasira yako haikuanza na wachimbaji. Kwetu ng'ombe wa dada ndio humwolea kaka mke, na wale walikuwa wako. Baba akawauza, akarudi kutoka Kahama na trekta, akalibatiza jina langu, na wewe ukangoja misimu na misimu kumuoa Leticia. Kila nikipiga simu nasikia "Kabula kagoma kuwaka", "Kabula kapasuka tairi", nami nacheka. Wewe hukuwa unacheka. Ulidhulumiwa, Masanja, na mimi nilijua nikakaa kimya. Nisamehe.

Jana nimeongea na baba. Kagomba, kakohoa, kaniuliza nani kanifundisha Uzungu, mwishowe kakubali. Trekta ni lako. Ukitaka lima nalo, ukitaka liuze, lakini liuze zima, litoke hapo uani kwa magurudumu yake. Na hilo la orijino usimwambie baba hata siku moja.

Msalimie mama, mwambie dawa si mapambo. Msalimie wifi yangu Leticia, ambaye alistahili kufika mapema, na mama mjane jirani. Baba mwamkie kwa niaba yangu hata kama bado kanuna.

Hao wachimbaji wakifika Jumamosi, wape maji ya kunywa na uwaambie hivi: mimi nilitoka hapo nyumbani nikageuzwa ng'ombe, ng'ombe wakageuzwa trekta, na sikusema neno. Kugeuzwa karasha, sikubali.

Dada yako,
Kabula mwenyewe