Karatasi ya Matanga ya Muzee Libérat

Uvira, tarehe 4 Machi 2001

Yaya Gratien,

Délice amechovya kidole kwenye uji sasa hivi, akakipaka juu ya jina la Muzee Libérat kwenye karatasi ninayoandika. Nimecheka mpaka machozi. Homa yake imeisha, ana meno mane. Na weye, kule Bujumbura kifua kinakuachia?

Sasa ukae chini kwanza. Libérat amekufa. Mujane wake, Mama Olive, alitafuta muntu wa mwandiko muzuri wa kuandika historia ya maisha yake, isomwe siku ya kumaliza matanga. Wakamuambia: «Muite Mama Délice.» Hapa hakuna anayeniita kwa jina lingine, Yaya. Hajui minye ni binti ya nani! Akanipatia chai ya maziwa, niandike: alizaliwa Lubarika, akakuwa mukubwa wa serikali, akachimba mufereji wa mashamba ya mupunga.

Mufereji wa Papa! Niliandika hivyo hivyo. Nifanye nini?

Mudogo wako, Bernardine

Bujumbura, tarehe 11 Machi

Mudogo wangu,

Kifua kiko afadhali. Délice umuongezee uji, kidole chake kina akili.

Miaka tatu niliomba yule muntu asife kabla sijamuona uso kwa uso. Amenikimbia. Basi andika: Papa wetu Marcellin njo alichimba, kwa jembe lake. Alipokataa kusema ni kazi ya Libérat, Libérat akamuonyesha askari kwa kidole, Jumapili, mbele ya kanisa. Wakamubeba, hata mwili wa kuzika hatukupata. Wageni wote wasikie. Ukiogopa, usiniandikie tena.

Yaya wako

Uvira, tarehe 31 Machi

Yaya,

Salamu nyingi. Nakuandikia nyuma ya nyumba yao, juu ya kreti ya bia. Wageni wamejaa, hata askari iko.

Niliogopa, sikufichi. Mama Olive alinishonea kitenge cha matanga, akasema: «Sauti yako ni nzuri, usome weye mwenyewe.» Nilianza kumuhurumia. Halafu nikamuuliza, kama muntu asiyejua kitu: «Mama, ule mufereji alichimba peke yake?» Akacheka. «Kulikuwa mukaidi mumoja kule. Tukamutoa.» Tukamutoa! Kama jiwe kwenye muchele. Na akaniongezea sukari.

Huruma ikaisha pale pale. Karatasi yake nimefungia kinyesi cha Délice. Ya kwetu iko mukononi: maneno yako yote, na saa ya misa ya Jumapili ile. Chini nimeweka jina langu lote, Bernardine wa Marcellin. Iko siku Délice ataruka ule mufereji, na atajua ni wa nani.

Jirani yangu Pélagie iko hapa ananingoja, anavuka mupaka leo na mawese yake. Anakuletea barua hii, na Délice mugongoni. Nikichelewa kufika, umupe uji wa mutama, wa mahindi anatema. Akilia, umushike sikio, atalala.

Ngoja, Mama Olive anaita: «Mama Délice! Weye njoo, watu wamenyamaza!» Njo mara ya mwisho ananiita bila kujua minye ni binti ya…