Majina Kumi na Manne

Sugar Land, Texas
Jumamosi, 12 Juni 2004

Mpendwa kaka Gaudence,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Shemeji hajambo? Na Angel wangu, homa imemwachia? Najua daktari amekuambia upunguze chumvi na najua hujapunguza, usijisumbue kunidanganya. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Joto limeanza, usukani wa gari ukiushika mchana unakuunguza.

Asante kwa picha ya Angel. Nimeibandika kwenye friji. Nilimwacha ana miaka tisa, leo ana kumi na tisa, amesimama na sanduku lake jipya la safari kana kwamba ndege inamsubiri uani. Nimecheka, kisha nikalia.

Sasa keti, Kaka. Unamkumbuka bosi wangu, Mheshimiwa Tebbs, yule mbunge wa bunge la Texas niliyemfanyia kazi Grand Prairie? Alikaa bungeni miaka ishirini na miwili. Mwaka jana alistaafu, akafungua ofisi ya ushauri hapa Houston, nami nikamfuata. Ulinicheka, ukasema huko watu wanalipwa kwa kuongea tu. Ndivyo ilivyo. Makampuni yanamlipa akaongee na wabunge wenzake wa zamani, wapitishe sheria hii, waiue ile. Anaijua milango yote, na makarani bado wanamwita Mheshimiwa.

Hata watu wetu bado wanamwita hivyo. Kwetu mbunge akistaafu, watu hawaachi kupiga hodi kwake, si ndiyo? Basi Alhamisi walikuja akina mama wanne kutoka Grand Prairie, mwendo wa saa nne kwa gari, wakiwa bado na sare za kazi. Wanahudumia wazee kwenye nyumba za kutunzia wazee. Anayewaongoza ni Celestine, Mkongo, tuliimba naye kwaya moja kule Dallas. Wanataka sheria ya kuweka kikomo cha idadi ya wazee anaopewa mhudumu mmoja. Mswada huo niliuchapa mimi mwenyewe, enzi Mheshimiwa anaupigania. Januari bunge likikutana wanataka kutoa ushahidi, na walikuja kumwomba awaongoze.

Hawajui kwamba tangu Machi wenye nyumba hizo ndio wanaomlipa auzime mswada huo huo.

Aliwakaribisha chai. Akaulizia watoto wao kwa majina. Mimi nikawa mkalimani, Kaka, kwa mdomo wangu huu. Celestine akatoa karatasi yenye majina kumi na manne ya watakaotoa ushahidi, na mahali kila mmoja anapofanya kazi. Akanipa mimi. "Dada, weye uko wa kwetu. Tunakuachia hii, utamupatia."

Walipoondoka Mheshimiwa akaiulizia. Nikamwambia imechanganyika na mafaili mengine. Anaitaka Jumatatu. Wenye nyumba wakiyapata majina hayo, wale akina mama hawana kazi tena.

Utasema niache kazi. Nimeshawaza hilo. Ofisi hii ya Mheshimiwa ndiyo inayoniombea kibali cha kuishi hapa, na Angel yumo kwenye maombi hayo hayo. Nikiondoka sasa yanaanza upya, na akitimiza ishirini na moja hawezi tena kuingia humo kama mtoto wangu. Siri za ofisi nazo nilitia sahihi kwamba sitazitoa. Nimebanwa kila upande na nimechoka, nalia hata kwenye foleni ya benki.

Nilitaka kuichana ile karatasi, nikashindwa. Kila mmoja ameandika jina lake kwa mkono wake. Mmoja alikosea, akafuta, akaandika upya polepole. Lakini najijua. Ikibaki ndani ya nyumba hii, Jumatatu asubuhi nitaitazama ile picha kwenye friji, nami nitaipeleka.

Kwa hiyo nimeitia humu ndani ya bahasha. Iweke pamoja na vyeti vyako, usimwonyeshe mtu. Posta inafungwa saa sita mchana. Nikitoka hapo nitampigia Celestine nimweleze yote, kabla sijapata nafasi ya kufikiri.

Nisalimie shemeji, mama mdogo, na Deo na wanawe. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, na mimi huku asinisahau.

Angel usimsomee barua hii. Mwambie tu nampenda, na lile sanduku asianze kulipanga.

Mdogo wako akupendaye, hata akiwa mjinga,
Avelina