Tarehe ya Loveness

Ngamiani, Tanga
11 Aprili 2024

Kaka Abdulghani,

Shikamoo. Mimi na Mama tuna afya; tunakuombea nawe huko Mombasa. Nakuandikia barua pepe maana kwa simu ningelia.

Ile programu yetu ya kuwakumbusha wajawazito kliniki imekosea. Muuguzi alimpangia Loveness, mmoja wa wajawazito hao, tarehe tano Aprili. Upande wa simu, uliouandika wewe, ukatuma 5/4. Seva yangu ikasoma tarehe nne, mwezi wa tano. Hakukumbushwa, hakwenda. Juzi presha ikampanda, akaanguka sokoni. Yeye na mtoto aliye tumboni wamenusurika, alhamdulillahi. Mumewe, Anold, amekuja akaniuliza kwa upole, "Nasra, nani aliyekosea kati yenu?" Nimemwambia nitakuuliza.

Mdogo wako,
Nasra

Mombasa
14 Aprili 2024

Mdogo wangu Nasra,

Marahaba. Nimesoma yote. Mwambie Anold tumekosea wote. Kanuni ya tarehe niliiandika huku, nawe ukaiandika tena huko, hatukuwahi kuzilinganisha. Sasa tuiandike mara moja tu, mahali pamoja, simu na seva zichukue humo humo. Ukibadilisha kitu nitakiona pamoja na jina lako, nikibadilisha utakiona. Hatutakuwa na haja ya kuulizana kila siku.

Mbusu Mama mkono.

Kaka yako,
Abdulghani

Ngamiani, Tanga
5 Novemba 2024

Kaka,

Shikamoo. U mzima? Nauliza kwa sababu sijui.

Msimbo wetu wa pamoja, ile kanuni ya tarehe, unafanya kazi. Tangu Mei hakuna mama aliyekosa kukumbushwa. Lakini zamani ulikuwa ukinipigia kuuliza nimebadilisha nini, na kabla ya kukata ukitaka kuzungumza na Mama. Siku hizi hupigi.

Wiki tatu hizi umeona kazi yangu ikiingia kila siku, ukadhani tuko salama. Nilikuwa naifanyia hospitalini, kando ya kitanda cha Mama. Kiharusi. Mkono wa kulia hauinuki. Alinikataza kukwambia.

Leo ameomba nimwonyeshe jina lako linapotokea kwenye kompyuta. Amelitazama weee, kisha akauliza, "Na sauti yake je, haimo?"

Nasra wako

Horohoro
6 Novemba 2024

Nasra, mdogo wangu,

Kila asubuhi nikiona jina lako nilijisemea, nyumbani hawajambo. Nisamehe.

Bosi alitaka ningoje Ijumaa. Sikungoja. Niko hapa mpakani, mbele yangu watu sita.

Usimwambie Mama. Nataka asikie hodi.

Kaka yako