Nzi wa Manyoya ya Jogoo

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Niko Keza, Ngara, kwa baba mkwe, yule aliyekataa kuja harusini kwetu kwa sababu mimi si wa huku. Siku tatu nzima aliitikia shikamoo yangu tu, basi. Leo asubuhi mvua ilitufungia barazani, mimi na yeye peke yetu. Mzee alikuwa akifunga nzi wa bandia wa kunasia samaki, ufundi aliojifunza ujanani alipofanya kazi milimani Mbeya, wanakovua samaki aina ya trauti. Hapa huvua nao mtoni Ruvubu. Ndoana inabanwa kwa koleo, kisha inazungushiwa uzi na unyoya wa shingo ya jogoo mpaka samaki adhani ni mdudu. Lakini macho yake yamefifia. Uzi ulimponyoka tena na tena, mwishowe akaweka mikono magotini.

"Baba, nijaribu?" nikauliza.

Alinisogezea koleo.

"Kaza kidogo," akasema. "Usimnyonge. Huyu ni nzi, si mbuzi."

Nikacheka, naye akacheka. Nilipokata uzi, alimpapasa yule nzi kwa kidole gumba, muda mrefu.

"Nani alikufundisha kushika uzi hivi?"

"Mama yangu. Ni fundi cherehani."

Akatazama mvua. Kisha akasema, "Ukimwandikia, mwambie namsalimu. Mwambie nilikosea kutokuja."

Nimeandika papo hapo, mama, nisije nikaipunguza salamu hiyo hata neno moja. Ipokee, na ukitaka kulia, lia kidogo tu.

Mwanao akupendaye,
Rehema