Safu ya Sita

Jumatano, baada ya adhuhuri. Joto limeingia nyumbani na halitaki kuaga. Nasra amelala mkekani kwa bibi yake, hatua nne kutoka hapa nilipokaa. Nimezihesabu.

Leo nimemwachisha ziwa.

Nimeliandika haraka ili liwe limeshaandikwa.

Kwa asiyenijua, kazi yangu ni kusikiliza. Kampuni moja ya ng'ambo hunitumia sauti za watu wanaozungumza Kiswahili kwenye simu, nami naandika walichosema, neno kwa neno. Niliipata mwenyewe, bila kujuana na mtu, na cheti changu cha kidato cha nne. Ndiyo inayotulisha sisi watatu, mimi, mama na Nasra, tangu baba yake aliponipa talaka akahamia Malindi. Haitaki ofisi wala viatu. Inataka netwaki tu, na hapa Faza netwaki ndiyo kitu cha kuomba dua. Mwezi uliopita mnara ulinyamaza siku kumi na moja. Kila asubuhi nilikwenda kusimama nyuma ya ukuta wa shule, ambapo simu huokota kidogo, kompyuta mkononi, Nasra mgongoni. Bi Khadija, auzaye mahamri pale njiani, alinipigia kelele mbele za watu.

"Bi Zuhura! Waume wameisha mpaka umeolewa na ukuta?"

"Huu angalau hautoi talaka, Bi Khadija."

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Kisha nikageuka niuangalie huo ukuta, maana macho yalikuwa yameshajaa.

Baada ya hapo kampuni ikaniandikia. Hawakunifokea. Wamesema kitengo chetu sasa kitakaa kwenye nyumba za kampuni miezi sita, penye netwaki isiyokatika, na kila mmoja achague mji: Kuala Lumpur, Istanbul au Kigali. Niliuliza Mombasa, hawana nyumba huko. Nyumba zao haziruhusu watoto. Ukitaka kuja na wako, jipangie mwenyewe pa kukaa. Asiyejibu kufikia kesho, mkataba wake unaishia hapo.

Basi wiki nzima nimekuwa nikisoma blogu za watu wanaofanya kazi wakizunguka dunia. Nimechora jedwali kwenye daftari, miji mitatu, safu tano: mtandao, usalama, chakula, saa, hali ya hewa. Kuala Lumpur chakula cha halali kimejaa, mvua kila alasiri, lakini saa zao zimetutangulia tano. Mimi nikiamka kumpigia Nasra simu, yeye bado yu ndotoni. Istanbul saa ni zetu hizi hizi, ila kuna baridi ya kuvaa makoti mawili na ngazi za kupanda mpaka magoti yalie. Kigali ni safi, ni vilima, na Kiswahili unaweza kukisikia sokoni. Tena kuna basi. Moyo ukinishinda naweza kupanda basi.

Watu wale wanajua kulinganisha. Mmoja amehesabu mikahawa yenye viti vizuri vya kukalia na kompyuta. Mwingine amepima kelele za barabarani. Nimesoma zote nikitafuta kitu kimoja na sikukiona, kwa hiyo nikachora safu ya sita mwenyewe: wa kumshika Nasra nikiwa kazini.

Visanduku vitatu, vyote vitupu. Nitampa nani huko? Nitabisha mlango wa nani?

Kwa kujichokoza tu nikaongeza Faza chini kabisa. Mtandao: hakuna. Saa: hazina kazi bila mtandao. Nikafika safu ya sita nikaandika "Mama". Ni kisanduku kile kimoja tu kilichojaa.

Nikalifunga daftari.

Leo alfajiri, baada ya kuswali, nilikata jani la shubiri kwenye kopo lililo uani nikajipaka utomvu wake. Hivyo ndivyo wanawake wote hapa wanavyoachisha. Mtoto anaonja uchungu, analia siku mbili tatu, anasahau. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio.

Nasra hakulia. Alinyonya, akaachia, akakunja uso. Akanitazama. Kisha akashika pindo la gauni lake akanipangusa, polepole, halafu akapuliza. Fuu, fuu. Kama ninavyompuliza mimi akijikwaa.

Alidhani mimi ndiye niliyeumia.

Akajaribu tena. Chungu. Akapuliza tena. Mara ya tatu akashuka mapajani mwangu akaenda kwa bibi yake.

Mama alikuwa akichagua mchele na ameona yote. Mama ni wa Amu, yaani Lamu mjini, na miaka yote aliyokaa Faza hajaacha kusema kama kwao. Kabla hajaniuliza nikamwambia ni meno, mtoto ananiuma.

"Meno! Weye uliniuma hata miaka miwili, na sikukupaka kitu. Huyu bado miezi mitano afike hiyo miwili. Haki yake hiyo."

Nikamwambia kweli. Kampuni, miji, nyumba isiyotaka watoto. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Nti gani hiyo isiyotaka mtoto?"

"Si nchi, mama. Ni nyumba."

"Hata nyumba."

Akapepeta, akaweka ungo chini, akampakata Nasra.

"Enenda. Lakini usinambie meno."

Kuna jambo sikumwambia hata yeye, nalisema hapa. Niliposoma kwamba kila mtu atapewa chumba chake, nilifurahi. Kitanda changu peke yangu. Usingizi ambao hakuna mkono mdogo unaoukatisha. Nilifurahi kwa muda wa kupumua mara moja, na tangu hapo sijui nijitazame vipi.

Miezi sita si mingi. Ndivyo ninavyojiambia. Lakini sasa anajua maneno matano. Miezi sita atakuwa anasema, atakuwa na habari za kusimulia, na mimi ninayelipwa kusikiliza sauti za watu nisiowajua nitakuwa simsikii wangu.

Nikibaki, nitamnyonyesha hiyo miezi mitano. Na chunguni nitatia nini?

Saa sita nilikwenda ukutani. Nimeandika neno moja, "Kigali", nikabonyeza. Likazunguka, likazunguka, halitoki. Netwaki ilinipa muda mrefu wa kulifuta, na kidole kilikuwa papo hapo juu yake. Bi Khadija alikuwa akinitazama, safari hii hakutania. Sikulifuta. Likaenda.

Niliporudi Nasra alikuwa ameamka. Nikakaa, nikamnyooshea mikono. Alikuja, akanipita, akachukua kikombe chake cha bati juu ya meza, akaniletea nimtilie maji. Akayanywa yote, amesimama, kama mtu mzima. Kisha akarudi mkekani, na ndipo alipolala sasa.

Nitakwenda, na nitarudi. Nimeamua na sitajiuliza tena.

Kampuni imeshajua. Mama ameshajua. Nasra, naona, naye ameshajua. Gauni langu limelowa kifuani tangu adhuhuri. Maziwa ndiyo hayajapata habari.