Niliulizwa: Chuma au Mti?

Jumapili, alasiri. Mawingu yamekaa juu ya vilima vya Gorong'a tangu asubuhi. Hayanyeshi wala hayaondoki. Nina udongo kwenye kucha na mgongo unauma. Naandika hivyo hivyo.

Jana wanaume wa nyumba yetu waliniuliza mimi, binti yao, swali, mara ya kwanza maishani mwangu. Nilijibu vibaya.

Nyuma ya nyumba yetu kuna ngema la udongo mwekundu, refu kunizidi. Kaka yangu alilikata mwaka jana ili apate nafasi ya kumwongezea mama chumba, na tangu hapo mlima umesimama wima nje ya dirisha lake. Juu ya ngema hilo ndipo baba alipohamishia zizi la ng'ombe, baada ya jirani kuamka na kukuta lake tupu. "Nikiwasikia wanapumua, nalala," husema baba. Mama analala chini yao.

Mvua zilipoanza, udongo ukaanza kudondoka dirishani. Ikaamuliwa ujengwe ukuta wa kuuzuia: nguzo zichimbiwe chini ya ngema, na mbao nene zipangwe nyuma yake. Kilichobaki ni kuchagua nguzo. Chuma, au miti, milingoti ya shambani kwetu?

Nilifika jana asubuhi kutoka Turwa, ninakofanya kazi kwa mkandarasi. Nikawaamkia wote. Viti vilikuwa vimepangwa kuelekea ngema: cha baba, cha baba mdogo Marwa, cha fundi. Na cha nne.

"Tulikusomesha ujenzi," baba akasema. "Haya. Chuma au mti?"

Baba mdogo hakusubiri. "Chuma kitang'olewa na watu wa vyuma chakavu kabla zege halijakauka. Mti nani atauiba?"

"Mchwa, baba mdogo. Hao si wezi?"

Fundi akacheka. Hata baba akatabasamu. Nikapata nguvu. Nikawaeleza kwamba kupaka oili chafu kunachelewesha tu kuoza, kwamba mti ukikaa kwenye unyevu hivi hautafika mbali, kwamba nguzo ya chuma iingie ardhini theluthi moja ya urefu wake na zaidi. Nilichora chini kwa kijiti. Sauti yangu ilikuwa tulivu na nzuri. Naikumbuka kwa aibu.

"Umesikia, mura?" baba akamwambia mdogo wake. "Ni chuma."

Sasa niandike kile ambacho sikukisema.

Kabla hawajaniita nilikuwa nimepanda zizini. Hatua mbili kutoka ukingoni, sambamba na uzio, kuna ufa. Samadi imeufunika, ndiyo maana hakuna aliyeuona. Nilipopitisha vidole vikazama, kisha kiganja chote, hadi kifundo cha mkono. Ndani mlikuwa na unyevu wenye joto, kama mdomo.

Nilishuka, nikanawa, nikaenda kukaa kwenye kiti cha nne.

Nilijua. Udongo ule unakunywa mvua na mkojo, na kila jioni kwato zinaukanyaga. Uweke chuma, uweke mti, udongo utavisukuma vyote. Kwanza ng'ombe wahame, kisha maji yapatiwe njia, ndipo mtu auguse mguu wa ngema. Nilifundishwa hivyo, na mtihani nikaufaulu. Ila jana sikuulizwa habari za ng'ombe. Niliulizwa chuma au mti, na kugusa zizi la baba mbele ya wenzake kungemaliza kikao palepale.

Nilitaka sana kuulizwa.

Mchana wa jana fundi alichimba mashimo mawili ya kwanza, kwa kina nilichokitaja mimi. Leo baada ya kanisa nikaenda kuyatazama. Yalikuwa na maji zaidi ya nusu, meusi, yananuka zizi. Mvua haijanyesha tangu Alhamisi.

Tumelichimba ngema pale pale linaposimamia. Mimi ndiye niliyetaja kina.

Nikamfuata baba. Nikamweleza ufa, maji, ng'ombe. Alisikiliza hadi mwisho.

"Jana ulisema chuma. Leo unasema ng'ombe. Kesho utasema nihame mimi?"

"Na ng'ombe wako wa mahari watalala wapi, injinia?" baba mdogo akadakia. "Jikoni?"

Wakacheka. Si kwa ubaya. Hilo ndilo linalotisha.

Nikaenda kwa mama, alikuwa anapepeta ulezi. Nikamwomba alale chumba cha mbele hadi mvua ziishe. Hakuinua macho.

"Nikihama, watasema baba yako amemtoa mkewe ili ng'ombe wakae. Jana walikusikiliza, Bhoke. Mbona unaharibu?"

Kwa hiyo nikachukua koleo. Nimeyajaza mashimo yote mawili kwa mawe na udongo mkavu, nikaushindilia kwa mguu. Sijui kama inatosha. Udongo ukishalegea, kushindilia kwa mguu ni kidogo sana. Nilipokuwa kwenye la pili nikamwona baba amesimama.

"Nani amekutuma?"

"Nilikosea jana, tata. Si chuma, si mti."

Baba mdogo alikuwepo, na safari hii hakufanya utani wowote. Baba aliyatazama mawe, kisha ngema, muda mrefu. Mimi hakunitazama. Najua sitawekewa kiti tena.

Alipookota fimbo kwenda kuwapokea ng'ombe, nikamwambia kwamba mama akilala huko nyuma, nami nitalala huko, upande wa ukuta unaotazama ngema. Akashika njia ya malishoni.

Godoro langu nimeshalihamisha. Nimekaa juu yake, mgongo kwenye ukuta, na ukuta una ubaridi ambao asubuhi haukuwa nao. Nje mama anaanua ulezi haraka haraka. Radi ya kwanza imepiga upande wa Nyansurura.

Nasikia kengele za ng'ombe. Wamefika kwenye njia panda: kushoto ni shamba tambarare lililovunwa, kulia ni kupanda zizini.

Anajua nilipo. Akiwapandisha, anawapandisha juu yangu.